Kuku, Mbweha na Jirani Yetu

Wapendwa Wakristo wa Mtaa wetu,

Mwezi huu tunataka kuzungumza nanyi habari za kuku. Msishangae. Wako watakaosema kwamba kuku ni jambo la uani na la jikoni, wala si jambo la kanisani. Lakini Bwana wetu mwenyewe hakuona haya kulitaja jina la kuku, tena alilitaja katika saa nzito ya maisha yake. Fungueni Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 13, mkasome kuanzia mstari wa 31 mpaka mwisho wa sura.

Habari yenyewe ni hii. Mafarisayo walimjia Yesu wakamwonya aondoke, kwa kuwa Herode alitaka kumwua. Herode huyu alikuwa mtawala wa Galilaya, naye alikuwa amekwisha kumkata kichwa Yohana Mbatizaji. Vitisho vyake, basi, havikuwa vya maneno matupu. Yesu akamjibu kwa kumwita Herode mbweha. Kisha, baada ya maneno machache tu, akaugeukia mji wa Yerusalemu kwa uchungu, akasema ya kwamba mara nyingi alitaka kuwakusanya watoto wake kama kuku anavyowakusanya vifaranga wake chini ya mbawa zake, nao hawakukubali. Mtakatifu Mathayo naye ameyaandika maneno hayo ya kuku, katika sura ya 23, mstari wa 37.

Tazameni jinsi maneno hayo mawili yanavyofuatana. Kwanza mbweha, halafu kuku. Mtu aliyefuga kuku hana haja ya kufafanuliwa, maana anajua mbweha na kuku wakikutana usiku ni nani atakayeonekana asubuhi. Tungetazamia Bwana wetu ajifananishe na simba, au na mbwa mkali atakayemfukuza mbweha. Lakini alijifananisha na kuku. Kuku hana meno wala makucha ya kutisha. Alicho nacho ni mbawa zake na mwili wake, na adui akija anawafunika vifaranga, yeye mwenyewe akabaki nje ya mbawa zile.

Hilo ndilo neno tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi: ulinzi una gharama, na katika kila ulinzi yatupasa kuuliza ni nani anayeilipa.

ADUI WA KUKU WETU

Sisi tunaokaa pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe ni Bunju, Boko, Mabwepande na Wazo upande wa Kinondoni, au Chamazi, Mbagala, Buza na Yombo upande wa Temeke, tunakaa mjini lakini bado tuna shamba uani. Hali ni hiyo hiyo kwa wenzetu wa Kimara na Kigamboni, ambao zamani walihesabiwa pamoja nasi kabla ya kupata wilaya zao. Nyumba nyingi zina mgomba, mpapai, na kuku wa kienyeji watano au kumi wanaochakura. Kuku hao si mchezo. Kwa mama wengi kuku ndiye benki yake. Mtoto akifukuzwa shule kwa kukosa daftari, kuku anauzwa. Mgonjwa akiandikiwa dawa, kuku anauzwa. Mgeni akifika bila taarifa, kuku anachinjwa, na heshima ya nyumba inasimama. Hata sadaka ya mavuno, mara nyingi imekuja mbele ya altare ikiwa imefungwa miguu na huku inapiga kelele.

Mbweha hatumwoni huku. Yeye ni mnyama wa mbugani. Lakini kila nchi ina mbweha wake. Huko Marekani wafugaji wa kuku humlalamikia mnyama aitwaye koyoti, ambaye ni wa jamii moja na mbweha na mbwa mwitu, naye amezoea kukaa hata ndani ya miji mikubwa kama Chicago. Sisi tunao wa kwetu, nao ni wengi.

Mchana yuko mwewe, anayezunguka juu kimya kimya, na mara anashuka kama jiwe. Yuko nguchiro, anayetoka vichakani kando ya mabonde, akaiba mayai na vifaranga jua likiwa linawaka. Wako kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, ambao hawamwogopi hata mtu aliyesimama mlangoni. Usiku yuko kicheche, mwenye milia nyeupe mgongoni na harufu isiyosahaulika. Yuko kanu, mwembamba, mwenye madoadoa na mkia mrefu, hodari wa kupanda miti na kupenya tundu dogo. Yuko fungo. Mahali penye majani marefu au karibu na mito, kama Mzinga na Mpiji, yuko pia chatu. Na katika majira yote yuko mnyama mwingine mwenye miguu miwili, ambaye tutamzungumza baadaye.

Kuhusu kunguru hao tuna neno moja la kutufundisha. Hawakuwa ndege wa pwani yetu. Asili yao ni Bara Hindi na nchi za jirani, nao waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wasaidie kula takataka za mji. Walioona uvundo wa takataka walitaka mtu mwingine awafanyie kazi ya usafi. Kunguru wakala takataka kweli, wakashiba, wakazaana, wakavuka bahari na kuenea pwani. Na leo wanakula vifaranga, mayai, na makinda ya ndege wa asili. Watu wa wanyamapori wamewatega na kuwapunguza mara kwa mara, lakini hawajaisha. Gharama ambayo watu wa wakati ule hawakutaka kuilipa wao wenyewe, tunailipa sisi, na kila tunapotupa uchafu ovyo nyuma ya nyumba tunazidi kuwaandalia meza.

KUKU WA MKATA

Wazee wetu walisema: kuku wa mkata hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Methali hii ina uchungu mwingi, nasi hatuicheki. Aliyeitunga alikuwa amepoteza vifaranga. Ameona kwamba mwenye banda la matofali hapotezi kitu, na mwenye kuku mmoja ndiye anayenyang'anywa huyo mmoja.

Lakini, ndugu zetu, iko hatari ya kuifanya methali hii kuwa imani. Mama anapoamka asubuhi na kukuta manyoya yametapakaa uani, husema, "Ndivyo Mungu alivyonipangia." La, hasha! Mungu hakumpangia kicheche. Biblia inasema katika Mithali 12:10 kwamba mtu mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Maana yake ni kwamba uhai wa kuku wako umewekwa mikononi mwako. Tena someni habari za Nehemia, sura ya 4, mstari wa 9. Waliokuwa wakijenga ukuta wa Yerusalemu walizungukwa na maadui. Walifanya nini? Walimwomba Mungu wao, na papo hapo wakaweka walinzi mchana na usiku. Hawakusema kwamba kwa kuwa tumeomba hatuna haja ya mlinzi, wala hawakusema kwamba kwa kuwa tuna mlinzi hatuna haja ya kuomba. Vyote viwili vilikwenda pamoja.

Basi tuseme wazi mambo ambayo mkata anaweza kuyafanya, hata bila fedha nyingi.

Kwanza, kuku wasilale juu ya mwembe wala chini ya uvungu wa gari bovu. Wawe na banda. Fito na udongo vinatosha, mradi zisiachwe nafasi. Mnyama kama kanu hupenya mahali ambapo usingedhani kichwa chake kitapita. Kwa hiyo mahali pa kupitisha hewa pawekwe wavu wa chuma wenye matundu madogo. Likiinuliwa juu ya nguzo, kiasi cha kimo cha kiuno cha mtu, linakuwa kavu, na wanyama wa kuchimba hawana pa kuchimba. Kama liko chini, wavu uzikwe kuzunguka msingi, au mawe yapangwe, ili anayechimba akutane na kizuizi. Na usipoziba ufa utajenga ukuta: tundu dogo la leo ndilo mlango wa kesho.

Pili, mlango ufungwe kabla giza halijaingia. Kuku wana adabu kuliko watu. Jua likianza kuzama wanarudi wenyewe. Anayechelewa ni mwenye nyumba. Kengele ya Sala ya Jioni ikilia, au wakati jirani zetu Waislamu wanapoadhini magharibi, hiyo ndiyo saa ya kuhesabu kuku na kutia komeo. Komeo liwe la kweli, si kipande cha ubao kilichoegemezwa.

Tatu, vifaranga wasiachwe huru katika majuma yao ya kwanza. Kuku ameatamia siku 21 kwa uvumilivu, haonekani kula wala kunywa kwa kutosha. Kisha siku ya 22 tunawaachia kunguru na mwewe kazi yote ya majuma matatu. Wafunikeni kwa tenga pamoja na mama yao, au wawekeni katika kibanda kidogo chenye wavu juu, penye maji na chenga za mahindi, mpaka wawe wakubwa kiasi cha kumkimbia mwewe. Wakati wa kuwatoa, watoke mahali penye kichaka kifupi cha kujificha, na pawepo mtu mzima karibu.

Nne, fyekeni majani marefu kuzunguka banda, na takataka na matumbo ya samaki vifukiwe. Harufu ndiyo inayomwita mgeni wa usiku.

Tano, wapo adui wasioonekana kwa macho. Ugonjwa wa mdondo unaweza kumaliza kuku wote wa uani kwa siku chache, wakati kicheche angechukua mmoja au wawili. Kuna chanjo yake iitwayo I-2, ambayo kila kuku hupewa tone moja jichoni, na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inatosha kuku wengi sana, kwa hiyo ni vizuri majirani wakaungana kuinunua. Mwulizeni bwana mifugo wa kata yenu.

Tazameni: katika mambo yote hayo, anayelipa ni mlinzi mwenyewe. Analipa kwa jasho la kuchimba na kukata fito, kwa shilingi ya wavu, kwa kuacha maongezi barazani saa kumi na mbili jioni ili akafunge mlango. Huo ndio ulinzi wa mbawa. Kuku anaishi kwa sababu kuna mtu aliyejinyima kidogo kwa ajili yake.

ULINZI UNAOLIPWA NA MWINGINE

Lakini upo ulinzi wa namna nyingine, nao umeingia katika nyumba za Wakristo.

Wako wanaotega sumu. Wanachukua kipande cha nyama au utumbo, wanakipaka sumu ya panya au dawa ya kuulia wadudu wa mashambani, na kukiacha nyuma ya banda. Kazi ni nyepesi, haimchukui mtu hata robo saa. Lakini sumu haijui kusoma jina. Italiwa na mbwa wa jirani, italiwa na paka anayewinda panya wa nyumba tatu, itadonolewa na kuku wale wale tunaodai kuwalinda. Na mtoto anayetambaa anaweza kuiokota. Wakiisha kufa nguchiro, bundi na paka, panya wanaongezeka, na nyoka wanaofuata panya wanaongezeka. Je, nani aliyelipa gharama ya ulinzi huo? Si aliyetega. Amelipa jirani ambaye hakuulizwa.

Wako wengine wanaotafuta mchawi. Kuku watano wamekufa usiku mmoja, wala hakuna alama ya meno. Au vifaranga wametoweka mmoja mmoja. Badala ya kumwita bwana mifugo au kutazama nyayo, mtu anakumbuka kwamba bibi kizee wa nyumba ya pili alipita jana akasema, "Mwanangu, kuku wako wamependeza!" Maneno ya salamu yanageuzwa kuwa ushahidi. Ndugu zetu, sote tunafahamu jinsi wazee wa nchi yetu, hasa bibi wenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, walivyouawa kwa shutuma za uchawi. Mambo hayo hayaanzi na panga. Yanaanza na mnong'ono dukani. Mkristo asiwe mdomo wa mnong'ono huo. Mdondo una chanjo, kicheche ana wavu. Lakini jina la bibi likiisha kuchafuliwa, litasafishwa kwa sabuni gani?

Na tatu, ambalo ndilo lililotufanya tuandike barua hii. Yule mnyama wa miguu miwili.

Wezi wa kuku wapo. Hatuwatetei. Anayemwibia mjane kuku wake wa mwisho anafanya jambo baya mbele za Mungu. Nabii Nathani alimchoma moyo Mfalme Daudi kwa hadithi ya maskini aliyenyang'anywa mwana-kondoo wake mmoja tu. Lakini tunajua vema yanayotokea. Kelele moja inapigwa usiku, "Mwizi! Mwizi!" Milango inafunguliwa. Hakuna anayeuliza ni nani wala amechukua nini. Magongo, mawe, tairi, mafuta ya taa. Kesho yake magazeti yanaandika kwamba kijana ameuawa na wananchi wenye hasira kali. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimelieleza jambo hili mwaka baada ya mwaka katika taarifa zake, na Dar es Salaam haikosi kutajwa. Mara nyingine kitu kilichoibwa kilikuwa simu. Mara nyingine kuku.

Tunawauliza kwa upole, nasi tunajiuliza pamoja nanyi: tukiwa tumesimama katika duara lile, na gongo mkononi, ni yupi kati ya wale wawili wa Luka 13 tunayefanana naye? Kuku hajawahi kumrarua mtu. Anayerarua usiku ni mbweha. Ni jambo la kutisha kwamba mtu anaweza kutoka nyumbani kwake akiwa mlinzi wa kuku, na kabla hajafika mwisho wa uchochoro akawa amegeuka mbweha.

Wako watakaotuambia, "Torati inaruhusu." Tusome basi Torati. Katika Kutoka 22, mstari wa 2 na wa 3, imeandikwa habari ya mwizi anayekutwa akivunja nyumba usiku. Mwenye nyumba akimpiga hata akafa, hana hatia ya damu. Maana gizani hajui kama aliyeingia ana silaha, wala kama amekuja kuiba au kuua. Lakini jua likiwa limekwisha kumzukia mwizi huyo, anayemwua ana hatia ya damu. Mwizi yampasa alipe alichoiba. Oneni jinsi Mungu alivyoweka mpaka hata zamani zile za jicho kwa jicho. Hofu ya gizani ni kitu kimoja, na hasira ya mchana ni kitu kingine. Kijana aliyekwisha kukamatwa, amelala chini, anaomba maji, yeye jua limekwisha kumzukia. Hatishi mtu tena. Anayempiga kuanzia hapo halindi kitu chochote.

Na sheria ya nchi yetu inasema vivyo hivyo. Mtu aliyekamatwa apelekwe polisi. Kumwua ni mauaji, na kila aliyeshiriki ana kosa, hata kama walikuwa mia. Mbele ya Mungu hesabu haigawanywi kwa mia, kila mtu akachukua sehemu ndogo. Kila mmoja ataulizwa habari ya ndugu yake.

Wapendwa, tusisahau ni nani aliyekuwa mtu wa mwisho kusemeshwa na Bwana wetu kwa neno la ahadi kabla hajafa. Si mtume, wala si mwandishi. Alikuwa mhalifu aliyetundikwa kando yake, ambaye watu wa mji walikwisha kumaliza habari yake. Bwana alimpokea siku ile ile. Sisi tunaoikumbuka habari hiyo kila Ijumaa Kuu, tutawezaje kuinua jiwe juu ya kijana wa Mbagala au wa Tegeta kwa sababu ya kuku?

MBAWA ZA BWANA

Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, alimtazama kuku kwa macho ya mfugaji. Alieleza kwamba ndege wengine huwezi kuwatambua kuwa ni mama mpaka uwaone juu ya viota vyao. Bali kuku mwenye vifaranga anajulikana hata kama vifaranga hawapo karibu. Mbawa zake zimelegea, manyoya yamesimama, sauti imekauka, mwili umedhoofu. Mama yeyote kati yenu aliyewahi kuangulisha anajua kwamba Mwafrika huyu mwenzetu alisema kweli. Naye akafundisha kwamba Bwana wetu alikubali kudhoofika vivyo hivyo kwa ajili yetu.

Huko Yerusalemu, kwenye Mlima wa Mizeituni, kuna kanisa dogo liitwalo Dominus Flevit, maana yake Bwana Alilia. Mbele ya altare yake pana picha iliyotengenezwa kwa vijiwe vya rangi: kuku amekunjua mbawa, na vifaranga wako chini yake. Dirisha la kanisa hilo linautazama mji ule ule uliokataa kukusanywa. Mahujaji hutoka mbali kuitazama picha hiyo. Sisi tunayo picha hiyo bure, kila siku, nyuma ya jiko. Mwewe akipita, kuku analia sauti ile ya hatari, vifaranga wanakimbia, mbawa zinafunguka. Ukiwatafuta hutawaona tena; utaona mama tu, peke yake, akimtazama adui.

Bwana wetu alikunjua mikono yake msalabani. Mbweha wa kila namna walimzunguka: Herode, Pilato, makuhani, askari, na makutano waliopiga kelele asulibiwe. Nao makutano wale hawakuwa watu wabaya kupita sisi. Walikuwa wananchi wenye hasira kali. Bwana angeweza kuita malaika, nao wangelipa wengine gharama. Hakufanya hivyo. Alilipa yeye. Na sisi tulio hai leo tuko hai kwa sababu kuna Mmoja aliyebaki nje ya mbawa.

TUFANYE NINI

Basi, neno lisilotendwa ni kama yai viza. Tunapendekeza mambo haya kwa Mtaa wetu.

Vijana wetu, mnayo nguvu, na Jumamosi mnayo. Wako wajane na wazee kati yetu ambao kuku wao wanalala kwenye jiko au juu ya mti kwa sababu hawana wa kuwajengea. Chagueni nyumba moja kila mwezi, mkajenge banda. Msiulize kama mwenye nyumba ni Mwanglikana. Mwewe hakuuliza.

Akina mama wa Umoja wa Mama, mnajuana nyumba kwa nyumba. Wekeni utaratibu wa chanjo ya mdondo kwa pamoja, muwahesabu na majirani wasio wa kanisa letu. Kuku mgonjwa wa jirani asiye na chanjo atamwambukiza wako.

Wenye nyumba, sumu iondoke nyuma ya mabanda yenu. Kama kuna mnyama anayewasumbua sana, au chatu ameonekana, toeni taarifa ofisi ya Serikali ya Mtaa, ili watu wa wanyamapori waitwe.

Wazee wa Kanisa, zungumzeni na wajumbe na viongozi wa vitongoji vyenu kabla siku ya kelele haijafika. Mpatane kwamba mwizi akikamatwa, wawepo watu wawili au watatu wanaojulikana kwa majina, ambao kazi yao ni kusimama mbele yake mpaka polisi wafike. Ni kazi ngumu. Gongo lililokusudiwa kwa mwizi linaweza kumwangukia anayemkinga. Hatuwadanganyi. Ila hiyo ndiyo kazi ya kuku, na Mkristo ameitiwa kazi hiyo hasa.

Tena tuwatazame vijana hao kabla hawajaiba. Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso katika sura ya 4, mstari wa 28, hakuishia kumwambia mwizi aache kuiba. Alimwonyesha kazi ya mikono yake, mpaka awe na kitu cha kumpa mhitaji. Kijana anayekaa kijiweni kutwa nzima bila kazi, akifundishwa kuangulisha, kuchanja na kujenga mabanda, huenda mwakani akawa yeye ndiye anayekuletea kifaranga. Wahenga walisema kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Na yule kijana unayemwona kijiweni, naye ni mtoto wa mtu. Yuko mama mahali fulani, mwenye sauti iliyokauka, ambaye usiku huu bado hajalala.

Basi jioni ya leo, jua likizama, nendeni mkawahesabu kuku wenu, mtie komeo. Mkiisha kufunga, simameni kidogo hapo mlangoni, mkawataje mbele za Mungu wote ambao hawana mlango wa kufunga: mjane, mgonjwa, mtoto wa barabarani, na hata yule anayezunguka usiku huu akitafuta banda lililo wazi. Mwombeni Bwana awakusanye wote, na sisi pamoja nao, chini ya mbawa zake, kabla usiku haujawa mwingi.

Kwake Mungu, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, ziwe sifa na shukrani, leo na siku zote.

Amina.